Miezi minane na gari la kupanda mawe: kipuri gani kilistahili

Nina ubao wa urefu wa mita moja. Upande mmoja nimeubandika msasa namba 80, na mwisho wake nimeufunga bawaba. Nauinua polepole huku simu ikinisomea nyuzi za mwinamo, na binti yangu anaandika kwenye daftari. Kila kipuri nilichonunua tangu nianze mchezo huu wa magari madogo ya rimoti kimepita kwenye ubao huo kabla sijaamua kama kinabaki kwenye gari au kinarudi kwenye kopo. Nayasema mapema ili anayesoma ajue namba zangu zimetoka wapi: ni za gari moja, ubao mmoja, na watu wawili wenye subira.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Skrubu ndogo na gia za plastiki nimezishika miaka mingi, lakini magari ya rimoti sikuwahi kuyagusa mpaka nilipopata hili. Ni gari la kupanda mawe la kipimo cha 1/24, yaani kila sentimita 24 za gari halisi zimekuwa sentimita 1. Lilikuja limeshafungwa, na rimoti yake, chaja, na betri ndogo ya lipo (lithiamu polima) ya seli 2. Ekseli zote mbili hazina difu ya kuachia: magurudumu ya kushoto na kulia yanazunguka pamoja muda wote, na ndiyo maana gari linaendelea kuvuta hata gurudumu moja likiwa hewani.

Magari ya ukubwa huu yalishika kasi baada ya kampuni ya Axial kutoa gari lake la SCX24 karibu na mwaka 2020. Mwaka 2022 Traxxas wakaja na TRX-4M ya 1/18, ambayo ni kubwa kidogo. Kwa mtu anayeanza, hilo lina maana moja kubwa wakati wa kununua vipuri: watengenezaji wengi wa vipuri vya 1/24 wanachonga kwa vipimo vya SCX24, na vya 1/18 ni familia nyingine kabisa. Pima gari lako kwanza. Mimi nilipima kitovu cha gurudumu (kile kipande cha pembe sita ambacho rimu inakaa juu yake) nikakuta milimita 7, ndipo nikaagiza.

Kabla ya vipuri, bisibisi. Skrubu nyingi za gari hili zina kichwa chenye tundu la pembe sita, na tundu lenyewe ni dogo kiasi kwamba ufunguo wa bei ya chini unazunguka ndani yake, unalilainisha, na hapo umeshapoteza skrubu. Nunua bisibisi za chuma kigumu, zenye mpini wa kuzunguka kwa vidole, kabla ya kitu kingine chochote. Pia kuna jambo nililojifunza kwenye cherehani ambalo hapa limeniokoa mara nyingi. Skrubu inayoingia kwenye plastiki usiianze kwa kukaza. Iweke kwenye tundu, izungushe kinyume taratibu mpaka uisikie inadondoka kidogo, "tik", kisha ndipo ukaze. Hiyo "tik" ni uzi wa skrubu umekaa kwenye njia yake ya zamani. Usipofanya hivyo unachonga njia mpya kila unapofungua, na baada ya mara nne au tano plastiki haishiki tena. Gundi ya kuzuia skrubu zisilegee nayo ni ya chuma kwa chuma tu, kwa sababu baadhi ya plastiki inazipasua.

Sasa gari lenyewe. Likiwa jinsi lilivyotoka kwenye boksi, nikiliweka ubavu kwenye ubao lilikuwa linaanguka kwenye nyuzi 39. Kupanda mbele, lilifika 41 likainua pua na kulala chali. Binti yangu akasema, "Baba, halitelezi. Linaanguka tu." Hayo ndiyo maneno yaliyoniongoza miezi yote iliyofuata. Kwa siku tatu nilikuwa natafuta tairi zenye makucha makali zaidi, na tatizo halikuwa kucha. Uzito ulikuwa juu sana na nyuma sana.

Nikachukua mizani ya jikoni. Magurudumu ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya vitabu vya kimo kilekile ili gari lisiiname. Mbele gramu 236. Nikageuza: nyuma gramu 225. Jumla 461, betri ikiwa ndani. Gari la kupanda linataka mbele kuzito zaidi, kwa sababu mlima ukiinuka uzito wote unakimbilia magurudumu ya nyuma, na ya mbele yakishakuwa mepesi hakuna wa kulishikilia lisigeuke.

Hatua ya kwanza haikuhitaji kununua kitu. Betri ilikuwa imekaa karibu na katikati. Nikaisogeza mbele kama sentimita 6 na kuifunga kwa ukanda wa kunasa. Nikatoa keria ya juu ya paa, gramu 6, na tairi la akiba la nyuma, gramu 9. Hivi vitu viwili vinapendeza, najua, na binti yangu hakufurahi tairi la akiba lilipoondoka. Lakini gramu 6 juu ya paa zinaliangusha gari kuliko gramu 20 zilizolala chini kwenye ekseli. Nilipopima tena, mbele ilikuwa 244 na nyuma 202. Ubavu ukatoka nyuzi 39 hadi 42, kupanda kukatoka 41 hadi 44. Namwomba yeyote anayeanza afanye hili kabla hajafungua ukurasa wa kununua.

Kisha shaba. Hapa nazungumzia shaba ya manjano, ambayo sentimita ya ujazo ina karibu gramu 8.5, wakati aluminiamu ina 2.7 na plastiki ya kawaida ni kama gramu 1 na kidogo. Kipande kilekile, umbo lilelile, ila kinakuwa kizito mara nyingi bila kuchukua nafasi zaidi. Nilinunua seti ya mbele peke yake: pete mbili za kuweka ndani ya rimu, gramu 18 kila moja; vishikio viwili vya magurudumu, gramu 9 kila kimoja; na mfuniko wa gia za ekseli, gramu 11. Jumla gramu 65, zote chini kabisa, zote mbele.

Nataka niliseme vizuri hili kwa sababu linaeleweka vibaya. Uzito peke yake haupandishi gari. Ukiongeza uzito, tairi inakandamiza jiwe zaidi, kweli, lakini mlima nao unalivuta gari chini kwa kiasi kilekile. Kinachosaidia ni mahali uzito ulipo. Zile gramu 65 ningeziweka juu ya fremu, gari lingezidi kuwa zito na kuendelea kuanguka vilevile. Zikiwa ndani ya magurudumu ya mbele, zinakaa chini ya springi, haziyumbi na bodi, na kitovu cha uzito kinashuka. Mbele ikawa 309, nyuma imebaki 202. Yaani karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele. Ubavu: nyuzi 47. Kupanda: 49, na safari hii gari halikulala. Liliteleza kwa miguu yote minne likiwa limesimama sawasawa. Nilifurahi mno kuliona linateleza, maana sasa ndiyo ilikuwa zamu ya tairi.

Seti yenyewe naipa sifa kamili kwa uchongaji. Matundu yalikuwa sawa, nyuzi za skrubu safi, hakuna kipande kilichohitaji tupa. Kasoro moja: skrubu walizoweka kwenye mfuko zilikuwa fupi kuliko za asili kwa karibu milimita moja, na kwenye kishikio cha kushoto hazikushika. Nikarudisha za zamani.

Siku kumi na moja baada ya shaba, sevo ikafa. Sevo ni kile kijimota kinachogeuza magurudumu ya mbele. Gari lilikuwa limebana tairi la kulia kati ya mawe mawili, nikapinda usukani wa rimoti, nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna mchele mkavu, na kuanzia hapo magurudumu yakawa yanageuka upande mmoja tu. Nilifungua kisanduku chake juu ya karatasi nyeupe. Gia ya pili kutoka kwenye mota, ya plastiki, ilikuwa imepoteza meno matatu. Yalikuwa yamelala kwenye grisi kama vipande vya ukucha. Gia za asili zilitengenezwa kugeuza magurudumu mepesi, na mimi nilikuwa nimeyaongezea gramu 54 upande wa kugeuzwa. Kwa hiyo, ukipanga kuweka shaba kwenye magurudumu ya mbele, panga na sevo yenye gia za chuma papo hapo. Ni ununuzi mmoja.

Sevo mpya ilikuwa na nguvu nyingi. Kwenye meza ilifanya kazi vizuri. Kwenye mawe, kila tairi likibanwa na mimi nikilazimisha usukani, gari zima lilikuwa linazima, taa zinakatika, kisha linawaka tena baada ya sekunde mbili. Nilidhani ni betri, nikabadilisha betri. Nikadhani ni waya, nikabana plagi zote. Usiku wa tatu nikagundua kwamba linazima sekunde ileile sevo inaposhindana na jiwe, na halizimi kamwe likiwa linakwenda moja kwa moja hata kwa mwendo mkali. Sevo inapokwama inanyonya umeme mwingi, na kile kibao kidogo kinachodhibiti mwendo, ambacho ndicho kinailisha sevo pamoja na risiva (kile kinachopokea amri za rimoti), hakiwezi kutoa kiasi hicho. Volti inashuka, risiva inalala. Dawa ni kuilisha sevo kwa njia yake yenyewe, kwa kipunguza volti kidogo kinachotoka kwenye betri moja kwa moja. Zipo sevo zinazopokea umeme wa seli 2 bila kupunguzwa, lakini soma lebo: lazima ikubali volti 8.4, kwa sababu ndizo betri ya seli 2 inazotoa ikiwa imejaa. Tangu nifanye hivyo, halijazima hata mara moja.

Na unapofunga sevo mpya, washa umeme kwanza, iache ijiweke katikati, ndipo uweke mkono wake ukiwa umenyooka. Ukifunga kabla, utakuta inapinda sana kushoto na kidogo kulia, na kila ukiigusa inasukuma ukuta.

Tairi nilizipenda kuliko vyote. Za asili zilikuwa zimegundishwa kwenye rimu na mpira wake ulikuwa mgumu. Ukizibonyeza kwa kidole gumba zinarudi haraka kama kifutio kipya. Nilizonunua ni za mpira laini unaokawia kurudi, zenye sponji ndani, pamoja na rimu za kubana: tairi inakaa kati ya rimu na pete, kisha unakaza skrubu ndogo kuzunguka. Faida yake ni kwamba unaweza kufungua na kubadilisha sponji bila kuharibu kitu. Kazi yake ni ndefu. Kaza kwa kuvuka, skrubu ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, robo mzunguko kila mara. La kwanza nililikaza kwa kufuata duara, na tairi likawa linayumba kama sahani iliyopinda. Nikalifungua lote.

Sponji zilizokuja nazo zilikuwa zimejaa mno, tairi limetuna kama mpira. Kwa gari la nusu kilo hilo ni kosa, maana tairi inatakiwa ikubali umbo la jiwe. Nilizikata kwa mkasi wa kitambaa, kila moja nikapunguza unene kwa theluthi hivi, ya mbele kidogo zaidi kuliko ya nyuma kwa kuwa mbele sasa ndiko kuzito. Ukiliweka gari kwenye penseli iliyolala, tairi inapaswa kuimeza penseli hiyo kwa sehemu na bado isiguse rimu. Hakikisha pia rimu ina kitundu cha kutolea hewa, kwa kuwa hewa iliyofungiwa inafanya kazi ya sponji ngumu. Baada ya hapo kupanda kukafika nyuzi 54. Ubavu haukubadilika, 47 vilevile, na sikutarajia ubadilike kwa sababu nilichagua tairi za kimo kilekile. Zipo kubwa zaidi na zinavutia macho, lakini zinainua gari zima na kuibebesha mota mzigo.

Kuhusu mota sina mengi. Ya asili ni ya brashi, ya kuzunguka polepole kwa nguvu, na sijaona sababu ya kuitoa. Nilibadilisha gia yake ndogo tu, nikaweka yenye meno 2 pungufu. Mwendo wa juu umepungua, na sasa naweza kulisogeza gari kwa upana wa skrubu moja, jambo ambalo kwenye mawe ndilo unalolihitaji. Ukibadilisha gia hiyo, kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya gia mbili, sukuma mota mpaka zibane karatasi, kaza, kisha zungusha gia karatasi itoke. Pengo linalobaki ndilo sahihi. Karatasi ikitoka imechanika, umebana mno.

Sasa kipuri ambacho simshauri mtu. Nilinunua shokapu nne za mafuta, za aluminiamu, ndefu kuliko za asili. Zilikuwa nzuri kuzitazama na zilikuwa ghali kuliko kitu chochote nilichoweka, ukiacha sevo. Gari likapanda juu kwa milimita 7. Ubavu ukashuka kutoka nyuzi 47 hadi 43. Karibu faida yote ya shaba ikawa imeliwa. Springi zake zilikuwa ngumu kwa uzito huu, kiasi kwamba tairi la mbele lilikuwa linaning'inia hewani pale ambapo shokapu za asili, ambazo ni springi tupu bila mafuta, zililishusha mpaka chini. Na mbili zikaanza kuvuja. Mwenye mafuta ya cherehani nyumbani kama mimi atashawishika kuyatumia kujazia: asiyatie. Ni mafuta ya madini, na pete za silikoni zilizomo mle zinavimba. Ni mafuta ya silikoni peke yake.

Niliziondoa baada ya wiki mbili, nikarudisha za asili na kufupisha springi za mbele kwa mzunguko mmoja. Ubavu ukarudi 47, kisha 48. Sisemi shokapu za mafuta ni mbaya kwa kila gari. Nasema kwa gari jepesi namna hii, linalokwenda taratibu, hakuna mshtuko wa kutulizwa, na urefu unaoongezeka unaulipia kila linapokaa ubavu.

Fito za chuma zinazoshika ekseli na fremu nimeziweka pia, zile zilizopindwa katikati ili zisinase kwenye jiwe. Ubaoni hazikubadilisha namba yoyote. Kwenye mawe halisi zinateleza vizuri kuliko za plastiki na hazijapinda. Ninaziweka kwenye vitu vya baadaye.

Betri, kwa ufupi, kwa sababu ni jambo la usalama. Seli ya lipo iliyojaa ni volti 4.2, usiiache ishuke chini ya 3.0, na ikiwa hutacheza kwa siku kadhaa iache kwenye 3.8. Usiichaji ukiwa umelala au umetoka. Ikivimba, hata kidogo kama mto wa sindano, imekwisha, usiitumie tena. Nimeongeza ya pili ya uwezo uleule badala ya moja kubwa, ili uzito niliouhesabu usiharibike.

Mtu akiniuliza anunue nini na kwa mpangilio gani, nitamwambia: bisibisi nzuri, kisha asogeze betri na kuvua vitu vya juu, kisha tairi laini na rimu za kubana. Akishazoea na bado gari linamlalia chali, shaba ya mbele pamoja na sevo ya gia za chuma, siku moja. Na abadilishe kitu kimoja, apime, ndipo aguse kingine. Ningeweka tairi, shaba na zile shokapu ndefu jioni moja, ningeona gari limekuwa bora kuliko lilivyokuwa, na nisingejua kamwe kwamba shokapu zilikuwa zinanirudisha nyuma.

Wiki hii ekseli ya mbele iko wazi juu ya meza. Nimepata gia zinazofanya magurudumu ya mbele yazunguke haraka kidogo kuliko ya nyuma, ili mbele ivute badala ya kusukumwa. Binti yangu ameshachora safu mpya kwenye daftari, ameandika "kabla" na kuweka 48 na 54. Upande wa "baada" bado ni mtupu, na lile tairi la akiba amelibandika kwenye jalada kwa gundi.